Bitana ya Hodhi: Maji ya Wakimbizi wa Bukavu, 1994

Kusimamisha ukuta ni kazi ya nguvu, bali kuyazuia maji yasipenye ukuta huo ni elimu ya peke yake, na elimu hiyo imo katika bitana. Mafundi walioijenga Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani katika karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, walilisiliba birika lake la kuogea la pembe nane kwa lipu ya chokaa, kwani jiwe la matumbawe hunyonya maji. Elimu ile ile, kwa vifaa vingine na kwa haja nzito zaidi, ilihitajiwa Kivu, mashariki ya Kongo, mwaka 1994.

Mwaka ule, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi wakaingia Bukavu, kisha wakatawanywa makambini, miongoni mwao Inera na Kashusha kaskazini ya mji. Huko Goma, ng'ambo ya kaskazini ya Ziwa Kivu, kipindupindu na kuhara damu vilikuwa vimekwisha kuua makumi ya maelfu katika muda wa majuma machache. Basi ikadhihirika kwamba Ziwa Kivu, pamoja na ukubwa wake wote, haliwezi kuwa rehema kwa mwenye kiu maadamu maji yake hayajasafishwa.

Hodhi litumiwalo aghalabu katika dharura za namna hii ni lile lililobuniwa na shirika la Oxfam la Uingereza: duara la mabati ya migongo yaliyofungwa kwa boliti juu ya ardhi, na ndani yake bitana ya mpira. Kubwa lake huchukua lita 95,000, kiasi cha kuwatosheleza watu zaidi ya 6,000 kwa siku, kila mmoja lita 15. Lakini katika nchi ya vilima kama Kivu, kabla ya yote hutafutwa mahali pa kusawazishwa. Kisha kila jiwe na mzizi huondolewa, mchanga hutandazwa, na boliti hupachikwa vichwa vikiwa ndani na nati nje, ili chuma kisiutoboe mpira. Ndipo mafundi huvua viatu, wakaukunjua mpira kutoka katikati, wakaupandisha ukutani na kuufunga ukingoni bila kuukaza, kwa sababu maji yanapoingia polepole huusukuma hadi uegemee bati, na mpira uliovutwa mno hupasuka pembeni mwa sakafu. Bati hubeba uzito. Mpira huhifadhi maji.

Hodhi likisha kujaa, shabu huyashusha matope, klorini huua vijidudu, na maji huteremka kwa mabomba hadi kwenye safu za koki, ambako akina mama na watoto hupanga bidoni zao.

Makambi yale yalivunjwa kwa vita mwishoni mwa 1996, na tarehe ya Bukavu tangu hapo husimuliwa kwa majina ya majemadari. Hiyo si insafu. Aliyezuia kipindupindu kwa kutandika mpira usiovuja alistahili kuandikwa kabla ya aliyefyatua bunduki. Basi wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee aliyeifanya kazi ile, mwulize leo, na uyaandike maneno yake angali hai.