Krispi za mihogo zilifika Fizi kwa njia gani

Ndugu wanachama, na ninyi marafiki mnaotuunga mkono kutoka mbali, mara nyingi tunaulizwa ni mradi gani uliofundisha wamama wetu kukaanga krispi. Hakuna mradi. Iko historia.

Muhogo wenyewe ni mgeni. Wareno waliutoa Brazili, wakaufikisha kwenye mdomo wa mto Kongo katika karne ya 16, na kutoka pale ukatembea na watu mpaka huku mashariki. Mchikichi ndio mwenyeji, mti wa Afrika hii yetu. Basi mihogo na mawese wakubwa wetu walikuwa navyo. Ila muhogo wa kukaanga ulikatwa vipande vinene, ukaliwa moto moto na pilipili, siku ileile.

Kilichobadilisha ni vita ya 1996. Tulivuka ziwa mpaka Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu, wengine Lugufu. Mobutu alipoanguka, mwaka 1997, meli Liemba ilirudisha watu zaidi ya 75,000, safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Agosti 1998 vita ikaanza tena, na wako waliovuka mara ya pili, safari hii na watoto wengi zaidi mgongoni.

Kambini posho ilikuwa unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Kupita kilometa 4 kutoka kambi bila kibali ilikatazwa, kwa hiyo shamba la maana hakuna. Biashara ilibidi iwe ndogo, isiyooza haraka, ya kumuuzia hata mtoto mwenye sarafu moja. Watanzania walikuwa wanauza krispi. Wamama wetu wakaangalia, wakaiga: kumenya, kukata nyembamba, kuosha mpaka maji meupe yaishe, kukausha juu ya kitambaa, kisha karai yenye mafuta ya moto sana, kidogo kidogo. Chumvi baadaye. Sashe inafungwa kwa moto wa mshumaa, maana hewa ya ziwa inalainisha krispi kabla ya jioni. (Ile ilikuwa shule, hata kama hakuna aliyetoa cheti.)

Mwaka 2005 HCR ilianza kuturudisha kwa meli mpaka Baraka. Waliobaki walituchekea: chakula cha kambi! Wakanunua hata hivyo.

Sasa iko jambo linalotusumbua. Watu wapya wameingia katika kazi hii, na wengine wanakaanga mihogo michungu kwa sababu ni rahisi bei. Hapa tuko wakali. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya konzo kule Kwango, ugonjwa unaolemaza miguu ya wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Wa bugali unalala majini siku tatu, nne, ndipo unakauka. Krispi haipiti huko, na mafuta ya moto hayatoshi kuondoa sumu. Ndiyo maana chama kinanunua tu mihogo mitamu, kwa mkulima ambaye tunajua shamba lake na mbegu yake.

Wafadhili wawili wamependekeza mashine ya kukatia. Tunashukuru, lakini visu tuko navyo. Tunachokosa ni vijiti vya mihogo mitamu visivyo na mozaiki, vya kutosha kila mwanachama apande kabla mvua ya Septemba haijashika.