Ugeuze Mtungi, Usome Kitako

Oktoba 2022, katika mji wa Fontainebleau, kusini mwa Paris, dalali alipandisha mnadani mtungi mkubwa wa kauri wa rangi ya buluu na nyeupe, wenye nakshi ya majoka na mawingu. Ulitoka katika nyumba ya familia huko Brittany, na mwenyewe alikuwa akiishi ng'ambo. Mtaalamu wa mnada aliukadiria kuwa kazi ya karne ya 20, thamani yake euro 1,500 hadi 2,000. Waliofika kushindana waliamini ni wa karne ya 18. Nyundo ilipoanguka, bei ilikuwa euro milioni 7.7, na ukijumlisha ada ilipita milioni 9.

Habari hiyo ilisambaa dunia nzima, na tangu hapo mwenye mtungi wa kurithi huutazama kwa jicho jipya. Lakini mtaalamu yule hakubadili kauli. Bei ya mnada huonyesha kwamba watu wawili walikitaka kitu kimoja kwa nguvu siku moja. Umri hauthibitishwi hivyo. Umri huanzwa kutafutwa chini, kwenye kitako.

Vyombo vingi vya aina hii vilitoka Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, China, ambako udongo mweupe huchanganywa na mawe yaliyosagwa na kupikwa kwa joto la nyuzi zipatazo 1,300. Kauri halisi ikigongwa kwa ukucha hulia kama kengele, na ikiwa nyembamba hupitisha mwanga. Ukigeuza chombo utaona duara la chini lisilopakwa rangi ya kioo. Hapo udongo uko wazi: jinsi unavyoparuza, mchanga wa tanuri ulioganda, alama za kisu cha mfinyanzi, na ulaini unaotokana na miaka mingi ya kuburutwa mezani. Uchafu uliopakwa makusudi hukaa sawasawa kila mahali. Wa kweli huingia kwenye vijishimo na kuacha pembe.

Katikati ya kitako mara nyingi kuna maandishi ya Kichina yanayotaja enzi ya mfalme. Hapa ndipo warithi wengi hupotea. Wafinyanzi wa enzi ya Kangxi, 1662 hadi 1722, waliandika jina la Chenghua, mfalme wa karne ya 15, kwa kuheshimu kazi ya zamani zile. Mwaka 1677 mkuu wa wilaya ya Jingdezhen aliwakataza kuandika jina la mfalme aliyekuwa madarakani, ndiyo sababu baadhi ya vyombo vizuri vya miaka ile vina duara mbili tupu, au jani tu. Alama basi ni shahidi mmoja, tena wa kuhojiwa. Maandishi ya Kiingereza yanayotaja nchi ya China ni shahidi mwepesi zaidi, kwa kuwa yalienea baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 kudai bidhaa zionyeshe zilikotoka.

Hata wasomi walihitaji shahidi wa kuwaongoza. Kuna mitungi miwili ya maua, sasa iko British Museum, London, iliyoandikwa shingoni kwamba ilitolewa sadaka hekaluni mwaka 1351. Kabla haijachunguzwa, wengi hawakuamini kwamba kauri ya buluu na nyeupe ilikuwa imekomaa kiasi hicho zama za ukoo wa kifalme wa Yuan. Maneno yale machache yalifungua njia ya kuvitambua vyombo vingine vya karne ya 14 kokote vilipo.

Na vingine vilikuwa pwani yetu. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948, vigae vya China vilimsaidia kukadiria umri wa kuta na sakafu. Kilwa ni vivyo hivyo. Makaburini Kunduchi na Mambrui, sahani na bakuli zilipachikwa kwenye chokaa ya nguzo. Nyumba za Lamu zikavipanga vyombo ndani ya zidaka. Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, ilizama mwaka 1697 manowari ya Wareno, Santo António de Tanna, na ilipochimbwa miaka ya 1970 kauri ilikuwamo. Kwa hiyo mtungi wa bibi mjini Lamu au Unguja unaweza kuwa na safari ndefu nyuma yake. Unaweza pia kuwa ulinunuliwa dukani mwaka 1960. Kauri nyingi zilizomo nyumbani ni za karne ya 19 na 20, na hazina thamani ya mamilioni.

Ninachosikitikia ni mashimo ya makaburini, pale sahani zilipong'olewa. Sahani iliyobanduliwa na kuuzwa bila kusema ilikotoka ni sahani tu; ikiwa mahali pake ilikuwa inatueleza nani alizikwa na kwa heshima gani. Thamani hupungua pia kwa ufa, kwa ukarabati uliofichwa kwa rangi, na kwa tundu la chini lililotobolewa mtungi ugeuzwe taa.

Sheria nayo ina miaka yake. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hulinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya, kwa sheria yake ya urithi ya 2006, huhesabu hata vilivyoingizwa nchini kabla ya 1895, na kuvitoa nje kunahitaji kibali. Kabla ya dalali kuitwa, piga picha ya mdomo, mwili na kitako cha mtungi kwa mwanga wa mchana, pima urefu, usiusugue wala kuupaka gundi. Kisha muulize aliye mkubwa ndani ya nyumba: ulitoka kwa nani, ulikaa chumba gani, uliletwa na chombo gani cha baharini. Majibu yake yaandikwe siku hiyohiyo, na karatasi iende pamoja na mtungi.