Ufadhili wa Noyce: Masomo ya Ualimu wa Sayansi na Hisabati kwa Sharti la Utumishi

Kijana aliyehitimu shahada ya fizikia au hisabati nchini Marekani ana milango mingi ya kubisha, na ualimu kwa kawaida si mlango wenye mshahara mnono kuliko mingine. Matokeo yake huonekana zaidi katika shule za mitaa maskini ya miji na za vijiji vya mbali: nafasi za walimu wa fizikia, kemia na hisabati hukaa wazi, au somo hukabidhiwa mwalimu aliyesomea fani nyingine. Kukabiliana na pengo hilo, Bunge la nchi hiyo liliidhinisha mwaka 2002 mpango wa ufadhili unaoitwa kwa jina la Robert Noyce.

Noyce, aliyezaliwa Iowa mwaka 1927 na kufariki 1990, hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mwanafizikia, mmoja wa wavumbuzi wa saketi jumuishi, yaani kile kipande kidogo cha silikoni kinachobeba sehemu nyingi za umeme kwa pamoja, na mwaka 1968 alishiriki kuanzisha kampuni ya Intel.

Mpango huo husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Sayansi, ijulikanayo kwa kifupi NSF. Mwanafunzi haombi fedha kwa NSF. Vyuo ndivyo vinavyowasilisha maandiko ya miradi na kushindanishwa, kisha chuo kilichofaulu huwachagua wanafunzi wake. Anayestahiki ni raia wa Marekani au mkazi wa kudumu aliyeingia kihalali. Hivyo hata vijana wa familia zilizohamia huko kutoka Afrika Mashariki na Kongo wanaweza kuomba, iwapo wana hadhi hiyo ya ukazi na chuo chao kina mradi.

Ufadhili hutolewa kwa wanaosomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati, hasa katika miaka miwili ya mwisho ya shahada. Kiwango cha chini kilichowekwa na sheria ni dola 10,000 kwa mwaka, na hauwezi kuzidi gharama za masomo. Wapo pia wanaofadhiliwa baada ya shahada ya kwanza, wakiwemo wahandisi na wanasayansi wanaoacha kazi zao ili kupata cheti cha ualimu. Marekebisho ya mwaka 2007 yaliongeza nyongeza ya mshahara kwa walimu waliokwisha kuwa kazini, ili wale wenye uzoefu wabaki darasani na kuwaongoza wenzao.

Kwa kila mwaka mmoja wa ufadhili, mhitimu hupaswa kufundisha miaka miwili katika wilaya ya elimu yenye uhitaji mkubwa. Aliyefadhiliwa miaka miwili anadaiwa miaka minne, na anapewa miaka 8 baada ya kuhitimu kuikamilisha. Asipotimiza, fedha alizopokea hugeuka mkopo.

Sheria huitambua wilaya ya namna hiyo kwa kuangalia kama ina angalau shule moja yenye sifa mojawapo kati ya hizi: wanafunzi wengi kutoka familia zilizo chini ya mstari wa umaskini, walimu wengi wa sekondari wanaofundisha masomo wasiyoyasomea, au walimu wanaoondoka kwa kasi kubwa. Neno “angalau” lina uzito wake. Kipimo ni wilaya nzima, kwa hiyo mwalimu anaweza kutimiza wajibu wake katika shule yenye nafuu, ilimradi iwe ndani ya wilaya inayostahiki. Ulegevu huo humrahisishia mhitimu kupata ajira, lakini haumfikishi kila mara pale penye njaa kubwa zaidi ya walimu.

Wazo la kumlipia mtu masomo ili naye afundishe si geni Marekani. Baada ya Urusi ya Kisovieti kurusha Sputnik mwaka 1957, sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa ya 1958 iliwasamehe waliojiunga na ualimu hadi nusu ya mikopo yao ya chuo.

Hatari ya mikataba hii ilidhihirika katika mpango mwingine, TEACH, ulio chini ya Wizara ya Elimu na ulioanzishwa kwa sheria ya 2007. Huo hutoa hadi dola 4,000 kwa mwaka kwa sharti la kufundisha miaka minne. Walimu wengi waliokuwa bado darasani, katika shule zilezile walizotakiwa kuzitumikia, waligeuziwa ruzuku kuwa mikopo yenye riba iliyohesabiwa tangu siku ya kupokea fedha, kwa sababu tu fomu ya mwaka ilichelewa au ilikosa sahihi. Utaratibu wa kuwarejeshea haki ulianza 2019, na kwa kanuni zilizoanza kutumika Julai 2021, kutowasilisha fomu hiyo ya kila mwaka hakugeuzi tena ruzuku kuwa deni.

Katika ufadhili wa Noyce, jukumu la kufuatilia utumishi wa wahitimu liko mikononi mwa chuo chenyewe. Mwanafunzi anayetaka kutia sahihi hana budi kukiuliza chuo chake mapema ni wilaya zipi zinazokubalika, na ni nani atakayetunza kumbukumbu za miaka yake ya kazi.