Twiga wa Malindi Alikuwa Balozi, Sisi Tumemweka kwa Shilingi Moja

Watu wangu, leo tunaongea kuhusu twiga. Najua kuna mtu ashaanza kusema, tena wanyama? Si tumechoshwa na matangazo ya utalii? Tulia kwanza. Huyu twiga wangu hakuwa wa matangazo. Alipanda meli, akafika China zaidi ya miaka 600 iliyopita, mfalme mwenyewe akatoka kumpokea, na picha yake inatunzwa kwenye makumbusho makubwa hadi leo. Alitoka Malindi. Wengi wetu tumemaliza shule bila kumsikia hata siku moja.

Hoja yangu naiweka mezani mapema: anayemchora mnyama ndiye anayeamua mnyama huyo ana maana gani. Na sisi, ambao wanyama ni wetu, kwa muda mrefu tumewaachia wengine penseli.

Twiga anapandaje meli?

Tuanze na mwaka wa 1414. Twiga anafikishwa kwa mfalme wa China kama zawadi kutoka kwa mtawala wa Bengal, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Bangladesh na India. Sasa hebu jiulize, Bengal twiga walimtoa wapi? Bengal haikuwa na twiga. Wanahistoria wengi wanaona kwamba alitoka Malindi, akapelekwa Bengal kama zawadi, na Bengal nayo ikampitisha mbele. Zawadi ya zawadi, kama ile keki ya harusi inayozunguka mtaani.

China wakashangaa, wakauliza huyu kiumbe katoka wapi. Na mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi wenyewe wakatua China na twiga wao. Safari hii hakuna dalali katikati.

Fikiria kazi iliyokuwepo hapo. Twiga dume akikomaa anapita mita 5 kwa urefu. Hata mtoto wa twiga, siku ile anayozaliwa, ana karibu mita 1.8, yaani amekushinda wewe na mimi kabla hajanyonya. Mtu alilazimika kumkamata huko bara angali mdogo, bila kumvunja mguu. Mtu akamtembeza hadi ufuoni. Mtu akajua anakula majani gani, akayakata, akayafunga mizigo, akayapakia pamoja na maji ya kunywa. Halafu nahodha akasubiri kusi ianze kuvuma, manake bila kusi chombo cha matanga hakiendi India kutoka huku kwetu. Ukikosea mwezi, twiga anakufia mkononi.

Hiyo ni elimu, bana. Elimu ya upepo, ya malisho, ya tabia ya mnyama. Ilikuwa mikononi mwa watu wa hapa, pwani na bara. Lakini ukiutazama mchoro maarufu wa China, maandishi yaliyojaa juu yake yanamsifu mfalme. Aliyekata majani hayumo.

Kwa nini mfalme alifurahi hivyo

Mfalme aliitwa Yongle. Alitawala kuanzia 1402 hadi 1424, na kiti chenyewe alikitwaa kwa vita kutoka kwa mtoto wa kaka yake. Kwa hiyo alikuwa na tatizo ambalo wanasiasa wetu wanalijua vizuri sana: alihitaji kuonyesha kwamba mbingu imemkubali. Zile meli kubwa za amiri Zheng He, zilizozunguka Bahari ya Hindi kuanzia 1405, zilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Wageni wakija na zawadi kutoka mbali, maana yake mfalme ni mfalme kwelikweli.

Sasa Wachina walikuwa na mnyama wa hadithi anayeitwa qilin. Mwili wa paa, mkia wa ng'ombe, kwato, pembe, na upole wa ajabu. Hakanyagi hata nyasi mbichi. Na anatokea tu pale nchi inapokuwa na mtawala mwema. Halafu ghafla anashuka twiga: kwato anazo, mkia wenye shada kama wa ng'ombe anao, vijipembe vyenye ngozi anavyo, tena mpole, anakula majani kimya kimya. Kuna na jambo la jina. Wasomali humwita twiga geri, na sikio la Mchina wa wakati ule lingeweza kabisa kusikia kitu kinachokaribia qilin. Mambo yakaungana. Twiga akawa qilin.

Maafisa wa ikulu wakataka kumwandikia mfalme waraka wa pongezi. Yongle akajifanya mnyenyekevu, akaukataa. Lakini twiga wa Malindi alipofika mwaka wa 1415, mfalme alitoka mwenyewe hadi kwenye lango la ikulu kumpokea. Ujanja huo wa kukataa sifa mdomoni huku miguu inaufuata muziki, tunaujua.

Na hapo ndipo mchoro unapoingia. Shen Du, bingwa wa mwandiko pale ikulu, alitunga sifa za qilin, na sifa hizo ziliandikwa juu ya picha ya twiga yule wa 1414. Nakala iliyochorwa baadaye iko kwenye Makumbusho ya Kitaifa ya Ikulu kule Taipei, na toleo jingine liko Philadelphia, Marekani. Twiga amesimama ameinua kichwa, madoa yake yamepangwa kama vigae vya sakafuni, na mtunzaji mwenye kilemba amemshika kamba. Ukiniuliza mimi, mchoro ni mzuri na wa kweli. Shingo ni shingo, kwato ni kwato. Ila maneno yaliyo juu yanamgeuza kuwa kitu kingine: cheti cha tabia njema cha mfalme.

Athari yake ipo hata leo. Wajapani na Wakorea bado wanamwita twiga kwa jina lilelile la qilin, kila mmoja kwa matamshi yake. Mnyama wetu anatembea na jina la mnyama wa hadithi.

Ulaya nao hawakubaki nyuma

Usidhani ni Wachina tu. Mwaka wa 1515, karne moja kamili baada ya twiga wa Malindi, kifaru kutoka India alishushwa Lisbon, zawadi kwa mfalme wa Ureno. Kule Ujerumani, msanii Albrecht Dürer akasoma maelezo na kuona mchoro wa haraka wa mtu mwingine, basi akachonga picha ya kifaru ambaye hakuwahi kumwona. Akamvalisha ngozi kama deraya ya askari, akamwongezea na kijipembe kidogo mgongoni. Kifaru halisi alizama na meli mwanzoni mwa 1516 karibu na pwani ya Italia, akipelekwa kwa Papa. Wa Dürer hakuzama. Kwa zaidi ya miaka 200 vitabu vya Ulaya viliendelea kunakili kifaru mwenye pembe mgongoni.

Halafu njoo mwaka wa 1827. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimtumia mfalme wa Ufaransa, Charles X, twiga jike aliyekamatwa Sudan akiwa mtoto. Alishuka Marseille, kisha akatembezwa kwa miguu hadi Paris, karibu kilomita 900, akisindikizwa na mtaalamu wa wanyama Étienne Geoffroy Saint-Hilaire pamoja na ng'ombe wa kumpa maziwa. Wafaransa wakapagawa. Twiga akachorwa kwenye sahani, kwenye karatasi za ukutani, kwenye kila pambo la nyumba. Wanawake wakafunga nywele juu juu kwa mtindo wa twiga. Baada ya miaka michache mitindo ikahama, watu wakamsahau. Alikufa mwaka wa 1845, na mwili wake uliojazwa nyasi uko kwenye jumba la makumbusho mjini La Rochelle.

Unaona mtiririko? China, twiga ni wema wa mfalme. Ufaransa, twiga ni fasheni. Mnyama ni yuleyule, lakini kila mwenye kalamu anaandika anachokihitaji yeye.

Na sisi je?

Haki itendeke: si kwamba watu wa hapa hawakuwa wasanii. Ukienda Lamu utaona milango iliyonakshiwa maua, minyororo na duara zilizopangika. Wanyama ni adimu, kwa sababu mji wa Kiislamu haukupenda kuchonga viumbe wenye roho. Mnyama aliingia kwenye sanaa kwa njia nyingine. Siwa ya Pate, ile baragumu kubwa ya heshima, ilichongwa kwa pembe ya ndovu. Omo la mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba, lilikuwa na macho yaliyopakwa rangi na shingo ambayo wazee walisema ni ya ngamia wa Mtume. Kwa hiyo Malindi ilimpeleka twiga mzima mzima, kumchora ikawaachia wengine.

Twiga wa mapambo unayemjua wewe, yule wa mbao mwenye shingo ndefu kuliko akili, historia yake ni fupi zaidi. Anayetajwa sana ni Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alijifunza uchongaji kwa Wazaramo kule Tanganyika, akarudi nao nyumbani. Kutoka hapo ukawa riziki ya vijiji vizima, hadi Changamwe, Mombasa. Mpingo na muhugu vilipopungua msituni, mafundi wakahamia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Kazi safi kabisa. Lakini tuseme ukweli, twiga huyo alichongwa kwa kuangalia jicho la mtalii: asimame vizuri, aingie kwenye begi, asivunjike shingo ndani ya ndege.

Halafu kuna sarafu. Katiba ya 2010 ilipiga marufuku sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu, na mwaka wa 2018 sarafu mpya zikatoka na wanyama. Ndovu akapata shilingi 20, simba 10, kifaru 5. Twiga akapata shilingi moja. Ile shilingi ambayo dukani wanakupa peremende badala yake. Mimi nilipenda sana marais watoke, sina ugomvi na hilo. Lakini mnyama aliyemtoa mfalme wa China ndani ya ikulu, kumpa shilingi moja bila hata neno la maelezo? Eish.

Na hapa ndipo historia inapofanya mzaha wake. Mwaka wa 2010, wanaakiolojia wa Kenya na China walifukua Mambrui, kaskazini kidogo tu ya Malindi, wakapata sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, yenye jina la utawala wa Yongle. Mwaka wa 2013 nyingine ikapatikana kisiwani Manda, Lamu. Sarafu husafiri mikononi mwa wafanyabiashara wengi, kwa hiyo peke yake haithibitishi nani alitua wapi. Lakini ona: pesa ya Yongle iko ardhini kwetu, na twiga tuliyempelekea yuko kwenye pesa yetu.

Kwa nini hii ni muhimu leo

Kwanza, kwa sababu stori hii inasimuliwa sasa hivi, na wanaoisimulia kwa sauti kubwa si sisi. Kila urafiki wa China na Afrika unapozungumziwa, Zheng He anatajwa na twiga anatolewa kama ushahidi. Sawa. Lakini katika hadithi hiyo Malindi inakuwa mahali tu ambapo meli zilifika. Ukweli ni kwamba wajumbe wa Malindi walienda wenyewe. Mji mdogo, wenye jirani mkubwa na mshindani anayeitwa Mombasa, uliamua kutafuta marafiki mbali. Ni siasa ileile iliyofanya Malindi impokee Vasco da Gama mwaka wa 1498 baada ya mambo yake kuharibika Mombasa. Twiga alikuwa sera ya nje yenye miguu minne.

Na sasa ukienda Malindi, Nguzo ya Vasco da Gama utaonyeshwa mchana kweupe. Twiga alimtangulia Vasco kwa miaka 83.

Pili, mnyama mwenyewe anapungua. Twiga Afrika nzima walikuwa zaidi ya 150,000 mwaka wa 1985, na kufikia 2015 walikuwa chini ya 100,000. Malisho yamekatwakatwa, ujangili upo, na mwaka wa 2020 habari za twiga mweupe wa Garissa kuuawa na mwanawe zilituumiza wengi, kwa siku mbili tatu hivi. Mnyama ambaye unamjua kama picha ya begi la mtalii ni rahisi kumsahau. Mnyama ambaye unajua aliwahi kubeba jina la mji wako hadi upande wa pili wa dunia, huyo unamlilia kivingine.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wasanii wa Malindi, Kilifi na Mombasa, mnaochora matatu na kuta za shule kila siku: mchoreni huyu twiga. Na mnapomchora, msiishie kwa mnyama. Mwekeni mtu anayekata majani, mwekeni nahodha anayenusa kusi, waandikieni mwaka, 1415, na maelezo kwa Kiswahili. Ukuta ukiwa tayari nitumie picha, nami nitaipandisha hapa na jina lako likiwa juu kabisa, kabla ya la mfalme yeyote.