Toba ya Scrooge: Kumbukumbu Kabla ya Kaburi

Tarehe 19 Desemba 1843, Charles Dickens alichapisha A Christmas Carol, hadithi ya Ebenezer Scrooge, tajiri wa London mwenye mkono wa birika, anayetembelewa na roho watatu usiku wa kuamkia Krismasi na kupambazukiwa akiwa mtu mwingine. Wengi huisoma toba yake kuwa zao la hofu: alionyeshwa kaburi lake, akaogopa, akabadilika. Makala haya yanapinga usomaji huo. Kinachomgeuza Scrooge ni kumbukumbu, na anapofika kaburini tayari amekwisha kugeuka.

Ushahidi umo katika mpangilio wa matukio. Roho wa kwanza humrudisha kwenye shule alikoachwa peke yake utotoni wenzake walipokwenda kwao kwa sikukuu. Scrooge anamlilia mtoto yule, na papo hapo anamkumbuka mvulana aliyeimba mlangoni pake jioni iliyotangulia. Anatamani angempa chochote. Kisha anamwona Fezziwig, bwana wake wa zamani, akiwafurahisha vijana wake wa kazi kwa karamu ya gharama ndogo, na mara anatamani kusema neno na karani wake, Bob Cratchit. Kila kumbukumbu inamfunulia deni analodaiwa na mtu aliye hai. Roho wa tatu anapotokea, Scrooge mwenyewe anakiri kwamba ujio huo ni kwa faida yake, naye yu tayari kumfuata. Kaburi linamhimiza tu katika njia aliyokwisha kuishika.

Dickens aliijua kumbukumbu ya namna hiyo. Mwaka 1824 baba yake alifungwa katika gereza la Marshalsea kwa sababu ya madeni, na Charles, akiwa na miaka 12, alikuwa kibarua katika kiwanda cha rangi ya viatu. Aliandika hadithi hii chini ya Sheria ya Maskini ya 1834, iliyowasukuma wahitaji kwenye nyumba za maskini, ambako familia zilitenganishwa. Mwanzoni Scrooge anaitetea sheria hiyo, tena kwa lugha ya wafuasi wa mwanauchumi Malthus: wanaokufa wanapunguza watu waliozidi. Roho wa pili anamrudishia maneno hayohayo Scrooge anapouliza kama Tim, mtoto mgonjwa wa Cratchit, ataishi. Scrooge anainamisha kichwa kwa aibu, kwa kuwa “waliozidi” sasa wana jina na sura.

Wapo wanaosema kwamba Dickens ameiacha hatima ya maskini mikononi mwa moyo wa tajiri mmoja, bila kugusa sheria. Hoja hiyo ina uzito: hadi mwisho Cratchit anategemea hisani ya mwajiri. Hata hivyo, hadithi yenyewe haikubali toba ya machozi matupu. Scrooge anapotoa mchango kwa ajili ya maskini, anaeleza kwamba ndani yake yamo malimbikizo ya miaka ya nyuma. Kisha anampandishia mshahara Cratchit, aliyekuwa akilipwa shilingi 15 kwa wiki. Anatoa kama mdaiwa, wala hajioni mfadhili. Kwa kipimo hicho toba yake ni ya kweli, na kwa kipimo hichohicho tunapaswa kuwapima matajiri wa zama zetu: tuwaulize wafanyakazi wao wanalipwa nini.