Si Mlipuko wa Macho

Orodha ya istilahi iliyonifikia majuzi, ikiwa na mhuri wa kamati nisiyoitaja, inauita ule mwanga unaoandamana na eksirei za nyota ya nyutroni "mlipuko wa macho". Nilisoma mara mbili. Mwenye mlipuko wa macho hupelekwa kliniki, hapelekwi kwa wanafalaki.

Mlipuko una haki yake, ila mahali pake. Heliamu iliyorundikana juu ya nyota ya nyutroni, viini vyake vikianza kuungana, hulipuka kweli na kumwaga eksirei kwa sekunde chache. Hapo sina ugomvi, ingawa neno lenyewe limeshachoshwa na mitungi ya gesi na kipindupindu. Lakini nuru tuionayo haitoki humo. Eksirei huipiga sahani ya gesi inayoizunguka nyota, gesi ikapata joto, ndipo ikang'aa. Tarehe 2 Juni 1978 setilaiti SAS-3, iliyorushwa Mei 1975 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilikitazama chanzo cha eksirei MXB 1735-44 sanjari na darubini ya Cerro Tololo, Chile. Nuru ilifika karibu sekunde 3 nyuma ya eksirei. Mlipuko mmoja utajitanguliaje?

Neno ni mmweko. Latokana na mweka, kitenzi cha umeme wa masika, jamaa wa meta, memeteka na mulika kwa maana kama si kwa damu; ukilirudia, mwekamweka, walisikia likitetemeka. Umeme ukimweka hakuna asemaye wingu limelipuka, kwani kishindo kina jina lake, radi. Wazee wasio na mhuri walitenga kinachoonekana na kinachosikika. Kamati imeshindwa kutenga mambo mawili katika ukurasa mmoja. Hasimu wangu wa siku nyingi anang'ang'ania "kimulimuli". Mdudu yule, Mungu amrehemu, huwaka kwa nuru yake mwenyewe. Sahani ya gesi inang'aa kwa moto wa kuazima.

Mmweko niliutoa kikaoni zamani, nikautetea kwa nusu saa. Kumbukumbu zikaandika: "Mjumbe mmoja alichangia."

Matumizi: mlipuko wa eksirei, mmweko wa nuru, wingi, mimweko. M ni mbili, na mhariri asifute hata moja.