Hitilafu za muda katika programu za kuchora grafu

Hitilafu za muda ni makosa yanayopeleka vipimo sahihi mahali pasipo pake kwenye mhimili wa saa au tarehe. Tanzania haisogezi saa kufuata majira. Mwaka mzima iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Kwa sababu hiyo mchunguzi wa Dar es Salaam ana bahati: mara nyingi ukubwa wa pengo kati ya muda halisi na ule wa kwenye grafu humwonyesha chanzo.

Vyanzo

Pengo la saa 3 ndilo la kila siku. Matplotlib, programu iliyoanzishwa na John D. Hunter na kutolewa mwaka 2003, huweza kuuweka mhimili wa tarehe zenye ukanda wa saa katika UTC isipoelekezwa vingine. Mvua iliyoanza Mwananyamala saa 1 asubuhi huonekana imeanza saa 10 alfajiri.

Pengo la dakika 33 ni la hila zaidi. Ukanda wa maktaba ya pytz ukibandikwa moja kwa moja kwenye tarehe ya Python, huchukua kiwango cha kale kabisa kilichomo kwenye hazina ya kanda za saa inayotumiwa na maktaba hiyo, yaani saa ya jua ya mahali. Ya Dar es Salaam ilikuwa saa 2, dakika 37 na sekunde 8 mbele ya Greenwich. Baadaye hazina iliifungamanisha Dar es Salaam na Nairobi, yenye saa 2 na dakika 27. Pengo la dakika 23 likawa 33 bila mtumiaji kugusa hata mstari mmoja wa programu yake. Tiba ni amri ya localize, au zoneinfo iliyoingia Python 3.9 mwaka 2020.

Pengo la saa 6 ni kosa la mwandishi wa daftari: saa 1 asubuhi imeingizwa kama 01:00. Usiku wa kuamkia Jumanne nao huangukia Jumatatu au Jumanne, kutegemea nani alijaza.

Pengo la siku 1,462 ni tofauti ya kalenda mbili za Excel, 1900 na 1904. Pengo la miaka 30 hutoka kwa gnuplot ya kabla ya toleo la 5.0, iliyohesabu muda kutoka mwanzo tofauti.

Uchunguzi

Kipimo kizuri ni jua. Siku isiyo na mawingu, mnururisho hufikia kilele Dar es Salaam kati ya saa 6:06 na 6:37 mchana, kutegemea mwezi. Kilele cha saa 3 na ushei asubuhi ni UTC.

Hali ya sasa

Pytz bado imo katika programu nyingi za zamani.